Niko Nachunga Tu

Juzi nilipita mbele ya tribunali, mahakama yetu, nikawaona, nyinyi vijana mnaoanza kazi ya utetezi, mmesimama kivulini mnabishana. Mashati yamepigwa pasi, mafaili ya plastiki mikononi, na kila mmoja ana simu iliyobeba sheria zote za nchi. Nilifurahi, maana sisi tulibeba vitabu vilivyoliwa na panya. Halafu nikamsikia mmoja wenu akimwambia mama mjane mwenye kitambaa cheusi kichwani, "Usiogope Mama, huyu shemeji yako tutamushitaki kama mwizi!" Nikatikisa kichwa, nikaenda zangu sokoni kununua ndagala, dagaa wa ziwa letu. Lakini neno lile lilinifuata mpaka jikoni, na ndiyo sababu nimekaa kuwaandikia.

Mimi ni Mama Adela. Nilisimama mbele ya majaji wa Kalemie mpaka magoti yangu yakaanza kugombana na ngazi. Sikuwa avoka, wakili mwenye toga. Sisi tuliitwa madefanseri, watu wa kutetea kesi za kila siku, na kila mmoja wetu alikuwa na upande wake. Mwingine viwanja, mwingine talaka, mwingine ajali za pikipiki. Mimi niliangukia mali za marehemu. Mtu amekufa, ndugu wamekuja kulia, na siku ya kuondoka baadhi yao wameondoka na friji. Kazi yangu ilikuwa kuirudisha friji kwa warithi, pamoja na fidia ya hasara waliyoipata wakati haipo. Fidia hiyo watu wetu wanaiita domaje. Hapa Kalemie hakuna asiyelijua neno hilo. Hata mtoto akikanyagwa mguu sokoni anadai domaje.

Sasa nisikilizeni kuhusu hilo neno "mwizi".

Nilipokuwa mpya kama nyinyi, nilipewa kesi ya friji kweli. Marehemu alikuwa mwalimu, na dada yake alikuwa ameibeba friji mpaka kwake siku ya tatu ya matanga, ndani yake bado kuna samaki. Nilifunga kikwembe, kitenge changu kizuri, nikaingia kwenye uwanja wa yule mama, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mama, uliiba friji ya watoto wa marehemu." Mdomo uliponza kichwa! Yule mama alijitupa chini akaita jina la kaka yake. Majirani wakatoka. Mashangazi wakatoka nyumba ya nyuma, sijui walikuwa wamejificha wapi. Kilio kikaanza upya, mikeka ikatandikwa upya, na mzee wa ukoo akaniambia kwamba kwa kuwa mimi ndiye niliyefufua matanga, ni juu yangu kuleta sukari na mihogo ya waombolezaji. Nilileta. Ningefanya nini? Na wale watoto wa marehemu walionituma, nao niliwakuta kwenye mkeka wanalia pamoja na shangazi yao, kwa sababu nilikuwa nimewatukania ukoo. Kesi iliishia hapo na friji ikabaki pale pale.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Rafaeli, mtetezi mzee aliyenikubalia kukaa kwenye pembe ya biro, ofisi yake. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye tabia ya kusinzia tribunalini wakati mwenzake anatetea, kisha kuamka kwenye neno lile lile linalofaa. Nilipomsimulia habari ya friji alicheka mpaka miwani ikamwanguka kwenye sahani ya ugali.

"Adela," akasema, "katika ukoo hakuna mwizi. Katika ukoo kuko wachungaji tu."

Sikuelewa. Akanifafanulia, na mimi nawafafanulia nyinyi, kwa sababu kazi yote iko hapa. Katika Kiswahili chetu, kuchunga si mbuzi peke yake. Tunachunga funguo, tunachunga nyumba ya jirani aliyesafiri, tunachunga pesa ya chama. Na mtu aliyebeba mali ya marehemu, ukimuuliza, hata awe ameibeba na kuku wa kutagia, hatasema ameiba. Atasema, "Niko nachunga tu." Anachungia watoto mpaka wakue. Anachunga isiharibike. Anachunga mjane asije akaolewa na mgeni akala jasho la ndugu yao. Papa Rafaeli alisema makosa yetu sote ni kubishana na neno hilo. Tunamtaka akiri kwamba ni mwizi, naye hatakiri mpaka siku ya kiama. Wewe mkubalie. Mpe kiti, mwambie asante kwa kuchunga. Kisha muulize maswali ya mchungaji: nani alikuambia uchunge? Unachunga wapi? Na ulichokichunga kimezaa nini?

"Hilo la mwisho njo domaje yako," akasema, na "njo" kwetu ni "ndiyo". "Mwizi anarudisha mbuzi. Muchungaji anarudisha mbuzi na watoto wa mbuzi."

Tangu siku ile sikumwita mtu mwizi tena, na nilirudisha vitu ambavyo wenye mali walikwisha kuvililia. Mara moja tu njia hii ilituchezea. Alikuja jaji mpya kutoka Kinshasa, kijana mzuri, Kiswahili chake bado cha kuazima. Papa Rafaeli akasimama akamwambia kwamba mtu huyu mbele yako ni mchungaji. Jaji akadhani ni pasta wa kanisa. Akamsalimu kwa heshima, akaagiza aletewe kiti chenye mto, akawa anamwita "Pasta" kila sentensi. Yule bwana, ambaye alikuwa amechunga pikipiki ya kaka yake mpaka ikabaki fremu, akaona raha, akaanza kujibu kwa sauti ya mahubiri. Ilikuwa lazima karani amnong'oneze jaji, na hata hapo tulishindwa kuendelea kwa sababu ya vicheko.

Nawapa na mambo madogo ya kazi, maana hayo hayamo kwenye simu zenu. Kwenye matanga, vitu vina utaratibu wao wa kuhama. Kwanza inaondoka redio, kwa sababu "marehemu aliniahidi". Kisha viti, kwa sababu vililetwa kwa wageni na wageni ni wengi, nani atahesabu. Kisha godoro. Vitu vizito vinasubiri watu wachoke kulia. Kwa hiyo mwambieni mjane, kabla hata ya jeneza kutoka, mtu mmoja anayeaminika apite chumba kwa chumba apige picha za kila kitu, na picha azitume kwa watu wawili walio mbali. Jambo la pili: msifanye kesi kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Huko watu wanatukanana kwa sauti asubuhi, jioni wanatumiana maua, na mali bado haijarudi. Jambo la tatu: mkikuta kitu, msitazame rangi. Rangi inanunuliwa dukani. Tazameni kiraka, mahali mwenyewe alipotengeneza kwa mkono wake.

Kiraka kinanikumbusha Mama Feza, na habari yake ndiyo niliyotaka kuwasimulia tangu mwanzo.

Mume wake, Papa Mumba, alikuwa na mashini ya bunga karibu na soko, ile ya kusagia mahindi na mihogo kuwa unga. Familia nzima iliishi kwa mashini ile. Papa Mumba alikuwa Mtabwa wa upande wa Moba, mji wa ziwani kusini mwetu, na kwa Watabwa, tangu mababu, mali ya mjomba inashuka kwa mpwa, mtoto wa dada yake. Mpwa alikuwepo. Aliitwa Kaputo, amezaliwa Nyunzu ambako mama yake aliolewa, na ni mjomba wake huyo huyo aliyemleta Kalemie akamfundisha kazi ya mashini. Kaputo alimpenda mjomba wake kweli. Kwenye matanga alilia kuliko watoto. Na matanga yalipokwisha akamwambia Mama Feza, "Mama, mashini bila mwanaume wa kuichunga itakufa," akaipakia kwenye lori, akarudi nayo Nyunzu.

Sheria yetu ya familia inasema watoto wa marehemu ndio wa kwanza kurithi, na mjane ana sehemu yake. Desturi haiwezi kuwapita. Lakini mjane aliye kwenye mkeka hana kitabu cha sheria. Mama Feza alinyamaza. Alianza kuuza makaa, kisha makaa na maandazi, kisha watoto wakarudishwa kutoka shule kwa ajili ya minerval, karo ya shule. Ilipofika hapo akafanya jambo ambalo mpaka leo hapendi kulitaja. Alimpeleka mtoto wake wa mwisho, Riziki, kwa ndugu huko Moba, ili angalau awe na uhakika wa kula. Riziki alikuwa hajang'oka hata jino la kwanza. Mama yake alimwambia wanaenda kutembea.

Aliyekuja kwangu ni binti mkubwa, Sifa, aliyekuwa anajifunza kushona. Aliingia bironi kwangu bila kukaa.

"Mama Adela," akasema, "mimi nataka mashini. Mama anataka Riziki. Lakini Riziki hawezi kurudi kama mashini haijarudi. Basi tuanzie wapi?"

Nilimpenda hapo hapo. Nikamuuliza kama wamezungumza na Kaputo. Akaniambia walimwandikia kwenye grupu la ukoo, kwa heshima, na jibu lake likawa moja: Kaputo ametoka kwenye grupu. Nikacheka, na yeye pia akacheka, na baada ya hapo akakubali kukaa.

Tulipanda pikipiki mbili kwenda Nyunzu, kwa sababu treni siku zile ilikuwa inasubiriwa kama mgeni asiyetaja siku. Nilivaa suruali ya marehemu mume wangu chini ya kikwembe. Mvua ilitukuta kabla ya Niemba, tukateleza kwenye matope, tukanywa chai ya tangawizi kwa mama mmoja wa barabarani aliyekataa kuamini kwamba mwanamke wa umri wangu anafuata mashini. Akamwambia Sifa, "Bibi yako iko na kichwa ngumu." Sifa hakumsahihisha kwamba mimi si bibi yake. Hilo pia lilinifurahisha.

Nyunzu tulipouliza mashini nzuri ya kusagia, kila mtu alitunyoshea mkono upande mmoja. Nilinunua mahindi sokoni nikaingia kwenye mstari kama mama mwingine yeyote. Sifa nilimwacha barabarani, asije akatambuliwa. Hili mlikumbuke: kabla ya kudai kitu, kakitazame kinavyofanya kazi, maana domaje haitoki kwenye kitu, inatoka kwenye kazi ya kitu. Nami niliona. Mstari ulikuwa mrefu mpaka kwenye nyumba ya jirani, na injini haikupumzika.

Mashini ilikuwa imepakwa rangi ya buluu, buluu ya milango ya kanisa. Lakini kwenye mdomo wa kumwagia mahindi nikaona kiraka cha bati la mafuta ya mawese, kimepigwa misumari, kama Sifa alivyonieleza. Baba yake alikipiga mwenyewe.

Kaputo alikuwa kijana mrefu, nyusi nyeupe kwa unga. Alichukua beseni langu kwa adabu.

"Karibu, Mama. Hautakaa sana. Hii mashini haichoke."

"Nzuri kweli," nikasema. "Ni yako?"

"Hapana, Mama. Njo ya mujomba yangu, Mungu amulaze pema. Watoto yake ni wadogo. Mimi niko nachunga tu."

Nilisikia moyo unacheka ndani. Sikuwa nimemwekea mtego wala nini; nilikuwa nimeuliza swali la mstarini, naye akatoka mwenyewe na neno lile la Papa Rafaeli, mbele ya wamama wote wa Nyunzu. Nilingoja bunga yangu itoke. Niliipokea, nikamshukuru. Kisha nikamwambia jina langu na kazi yangu, na kwamba watoto wadogo aliowataja wamenituma, na mmoja wao yuko pale barabarani.

Sifa akaja. Kaputo alizima injini. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mchana ule watu kusikia kimya pale.

"Sifa," akasema. "Mimi si mwizi."

"Hakuna mutu amekuita mwizi, yaya," Sifa akajibu, maana kwetu kaka mkubwa ni yaya. "Tunakuita Kalemie."

Wamama wa mstarini walipasuka kwa vicheko. Mimi nilijikung'uta unga, maana hata usoni nilikuwa nao, na nikamweleza kwamba mirathi inafunguliwa pale marehemu alipokuwa anaishi, kwa hiyo mambo yatazungumzwa Kalemie, na karatasi ya kumwita ataletewa na wisie, mpeleka barua wa tribunali. Nikamwambia pia, "Na asante kwa kuichunga. Naona haina kutu." Aliinamisha kichwa. Shukrani ilimuumiza kuliko tusi, na sikuwa nimekusudia hivyo.

Alikuja. Wengi hawaji, lakini Kaputo alikuja siku ya kesi, na shati jeupe, na mzee mmoja wa Kitabwa wa kumsaidia kueleza desturi. Jaji siku hiyo alikuwa mama mmoja mtulivu aliyezaliwa huku huku kwetu, hakuhitaji mkalimani wa neno kuchunga. Nikaomba ruhusa niulize.

"Papa Kaputo, unaichunga mashini ya marehemu Mumba?"

"Ndiyo, Mama."

"Nani alikuambia uichunge?"

"Desturi. Mujomba akikufa, mupwa anasimama pahali yake."

"Anasimama pahali yake kwa vitu, ao kwa watoto pia?"

Akamtazama yule mzee wake. Mzee, ambaye alikuwa mtu mkweli, akajibu bila kuulizwa, "Kwa vyote. Anayerithi kiti anarithi na watoto. Njo vile ilikuwa." Nilitamani kumkumbatia yule mzee. Alikuwa ameletwa kumtetea Kaputo, na amenisaidia mimi.

"Na unaichunga wapi?"

"Nyunzu."

"Imezaa nini?"

"Imezaa… imezaa bunga."

Chumba kizima kilicheka, hata jaji aliinamisha uso kwenye mafaili. Kaputo mwenyewe alitabasamu kidogo, maskini. Nikangoja vicheko viishe.

"Nani alikula ile bunga?"

"Watu ya Nyunzu."

"Na watoto wa mujomba yako?"

Nikasimama kumwambia jaji madai yetu: mashini irudi kwa gharama ya aliyeihamisha, na hasara ya kipindi chote ilipwe, kwa kuwa aliyesababisha hasara kwa kosa lake lazima airekebishe, na mchungaji anayekula mazao ya kundi bila kuwapa wenyewe ana kosa hata kama nia yake ilikuwa njema. Nilisema vizuri, nakiri bila haya. Nilikaa nikijipongeza.

Ndipo jaji akamuuliza Mama Feza kama ana neno la kuongeza. Wajane wengi hapo wanasema hapana, mtetezi wangu amesema yote. Mama Feza alisimama, akashika ukingo wa benchi.

"Mama Jaji, mashini ni ya watoto, watajua wenyewe. Domaje yangu mimi haiko pesa. Domaje yangu iko Moba. Wanirudishie Riziki."

Kaputo aligeuka haraka. "Riziki iko Moba? Nani alimupeleka?"

"Njaa," Mama Feza akasema.

Nimesikia watu wengi wakilia tribunalini, na ninyi mtasikia. Wengine wanalia ili jaji awaone. Kaputo alilia akiwa ameugeukia ukuta. Baadaye Sifa alinieleza kwamba zamani, Kaputo akiwa mwanafunzi wa mashini, Riziki alikuwa analala mgongoni kwake yeye akisaga, kwa sababu mngurumo wa injini ulikuwa ndio wimbo wake wa usingizi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mtoto ameondoka. Na yeye hakuwa ameuliza.

Katika madai yangu yote sikuwa nimemtia Riziki. Nilikuwa nimehesabu mafuta ya injini, mikanda, usafirishaji, mapato. Mtoto sikujua anaandikwa kwenye mstari gani. Jaji akaniangalia. Nikasimama tena, nikasema kitu ambacho sikukisoma popote: kwamba kama mashini isingeondoka, mtoto asingeondoka, basi kuondoka kwa mtoto ni hasara iliyozaliwa na kuondoka kwa mashini, na hasara inarekebishwa kwa kurudisha kilichopotea pale inapowezekana. Hapa inawezekana. Boti za Moba zipo.

Jaji alitupa nafasi tuelewane kabla hajaamua, na tulielewana pale pale kwenye benchi la nje, Sifa akiongoza mazungumzo kana kwamba yeye ndiye mwenye toga. Mashini itarudi. Kaputo hana akiba, mnajua fedha ya mashini inavyoliwa na mafuta na shemeji. Basi atalipa domaje kwa mikono yake, atasaga kwa ajili ya familia mpaka watoto wakubali kwamba hasara imekwisha, kisha atapewa mshahara wake kama fundi yeyote. Na Riziki ataletwa na yeye mwenyewe, kwa nauli yake. Jaji aliiandika yote katika hukumu, hata hilo la Riziki.

Lilibaki tatizo moja tulilokuja kulijua baadaye. Kaputo, Mtabwa mzima, watu wa ziwa hao, alikuwa amekulia Nyunzu kwenye reli na mihogo. Hakuwa amepanda boti hata siku moja, na alikuwa anaogopa maji kuliko tribunali. Alikuja bironi kwangu kuuliza kama sheria inamruhusu kwenda Moba kwa miguu. Nikamwambia sheria haina neno juu ya miguu, lakini Mama Feza analo. Akapanda boti.

Alirudi siku ambayo ziwa lilikuwa na hasira. Tulikuwa bandarini, Mama Feza, Sifa na mimi, na nusu ya mtaa wao, maana Kalemie habari haifichiki. Abiria walishuka, wachuuzi wakashusha maharage ya Moba, na hatukuwaona. Mama Feza alikuwa amenishika mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Mwisho kabisa ndipo wakatokea, na haikuwa Kaputo aliyemleta mtoto. Riziki ndiye aliyekuwa mbele, amemshika Kaputo mkono, anamwongoza polepole kwenye ubao wa kushukia, naye rangi imemtoka, shati limelowa, macho kayafumba.

"Usiangalie maji, yaya," Riziki anamwambia. "Angalia miguu yangu."

Mama Feza aliuachia mkono wangu akakimbia. Sitawaeleza sana jinsi alivyomshika mtoto wake. Mlio na watoto mnajua, na msio nao mtajua. Riziki alikuwa amerefuka, jino la mbele limeng'oka, na aliongea Kitabwa cha ndani ambacho hakuondoka nacho. Mama yake alikuwa anagusa lile pengo kwa kidole, anacheka na kulia.

Kaputo alisimama kando, hajui aende au akae. Tulimtazama Mama Feza, kwa sababu hukumu ya jaji ilikuwa imekwisha kutekelezwa, na iliyobaki ilikuwa ni yake peke yake. Alimtazama kijana yule tangu viatu vilivyolowa mpaka kichwani.

"Umekula?" akamuuliza.

"Hapana, Mama. Yote ilibaki kwa ziwa."

Mama Feza akampandisha Riziki mgongoni, akafunga kikwembe.

"Basi twende kwetu," akasema. "Bunga iko."